Fielder inapoteza maji bila kuacha tone chini, kisha inachemka kwenye msongamano: nianzie wapi?

Mwenye Fielder, Umoja

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Nina Toyota Fielder ya mwaka 2013 yenye injini ya 1NZ-FE. Ninaishi Umoja na kufanya kazi Industrial Area, kwa hivyo gari hili hutumia sehemu kubwa ya siku likijikokota kwenye Outer Ring na Jogoo Road. Kwa miezi mitatu sasa limekuwa likipoteza maji ya rejeta, takriban nusu lita kwa wiki, ilhali pale ninapoliegesha hapaonekani tone lolote. Nimewahi kutandika katoni chini ya injini usiku kucha nikaikuta kavu asubuhi.

Wiki mbili zilizopita, mwendo wa saa kumi na mbili jioni, taa nyekundu ya joto iliwaka nikiwa karibu na Donholm. Nilitoka barabarani na kuzima injini, na mvuke ukatoka chini ya boneti. Kilichonishangaza ni kwamba tangi la akiba lilikuwa limejaa hadi kufurika, lakini baada ya kusubiri zaidi ya saa moja na kufungua rejeta iliyopoa, ilimeza lita mbili na zaidi kabla ya kujaa.

Mafundi watatu wameshalitazama. Wa kwanza aliondoa thamostati, ile vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata moto, na kunieleza kwamba Nairobi hakuna baridi ya kuhitaji kifaa hicho. Wa pili alibadilisha kifuniko cha rejeta. Wa tatu aliwasha injini rejeta ikiwa wazi, akaona mapovu, akasema gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya sehemu ya juu ya injini na silinda) imeungua na kwamba afadhali ninunue injini nyingine iliyotoka Japani. Fedha za injini ninaweza kuzipata, lakini zitatoka kwenye karo ya watoto, na kabla sijafika huko ninaomba kuelewa: kuna njia gani ya kujua ukweli kabla injini haijafunguliwa?

Fundi wa Ngara

Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Kwanza tenganisha maswali mawili ambayo wengi huyachanganya: maji yanakwenda wapi, na joto linashindwa kutoka wapi? Gari linaweza kuchemka bila kuvuja hata tone, na linaweza kuvuja kwa miezi bila kuchemka, mpaka siku maji yatakapopungua kiasi kwamba pampu inasukuma hewa badala ya maji. Kwa maelezo yako, upotevu wa maji uliutangulia mchemko kwa zaidi ya miezi miwili. Mpangilio huo ni ushahidi mkubwa, na sioni kama yeyote kati ya mafundi hao watatu aliuzingatia.

Naomba unijibu haya. Je, gari huchemka likiwa limesimama tu, au pia likikimbia na kupanda mlima? Ukiwasha hita ya ndani wakati joto linapanda, hewa hutoka moto au baridi? Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, ukiubonyeza mpira wa juu wa rejeta ni laini au mgumu? Na ukivuta kijiti cha oili, rangi yake ikoje?

Kila swali lina sababu yake. Gari linalochemka likisimama na kupoa likikimbia kwa kawaida lina tatizo la feni au la upepo kupita kwenye rejeta, kwa sababu likikimbia upepo wa barabarani hufanya kazi ya feni. Linalochemka likipanda mlima au likikimbia kasi kubwa mara nyingi lina rejeta iliyoziba, pampu iliyochoka au gasketi inayopitisha moshi. Hita inayotoa hewa baridi wakati injini imepata moto inamaanisha maji yamepungua au kuna hewa iliyonaswa, kwa kuwa hita hutegemea maji hayohayo ya injini. Mpira ulio mgumu asubuhi, injini ikiwa imelala usiku mzima, ndio unaonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu presha ya joto hupotea injini ikipoa, na presha inayobaki huenda ilitoka ndani ya silinda.

Kuhusu thamostati, naomba kwa heshima nimpinge mwenzangu wa kwanza. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya nje. Huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi na kuhakikisha injini inafanya kazi katika joto ililosanifiwa. Ukiiondoa, injini hukawia kupata moto, kompyuta huendelea kumwaga petroli nyingi kama ya asubuhi, na magari mengi huandika hitilafu ya P0128, yaani injini haifikii joto lake. Lililo baya zaidi ni kwamba katika baadhi ya injini thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji, kwa hivyo ukiiondoa sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa, na gari likachemka zaidi kuliko mwanzo. Tafadhali irudishe kabla hatujaendelea, la sivyo kila kipimo tutakachofanya kitakuwa na mashaka.

Fundi wa Umeme, Kariobangi

Naongeza upande wa feni, kwa kuwa ndio kipimo rahisi kuliko vyote na hakihitaji kufungua kitu. Injini ikiwa inanguruma, washa kiyoyozi kisha nenda mbele usikilize. Feni inapaswa kuanza kuzunguka mara moja au baada ya sekunde chache. Ikizunguka kwa kiyoyozi, basi mota yake iko hai, na linalobaki ni kuona kama inawaka pia kwa amri ya joto kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Isipozunguka, tazama fyuzi, kisha rilei (swichi ya umeme ya feni), kisha soketi ya waya kwenye feni yenyewe, ambayo mara nyingi huungua pini na kuyeyuka plastiki.

Tena usiiamini sana taa nyekundu. Kitambuzi cha joto kimetengenezwa kupima maji. Maji yakipungua hadi kitambuzi kikabaki ndani ya mvuke au hewa, kinaweza kusoma joto la chini kuliko la chuma chenyewe, na taa ikachelewa au isiwake kabisa. Magari haya hayana mshale wa joto kwenye dashibodi, yana taa ya buluu na nyekundu tu, kwa hivyo ninakushauri ununue kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya kompyuta ya gari na kusoma nyuzi halisi kwenye simu.

Mwenye Fielder, Umoja

Nashukuru sana, wakuu. Nimefanya mlivyoniagiza.

Gari limechemka mara mbili, zote kwenye msongamano. Jumapili nililipeleka hadi Thika na kurudi bila tatizo, ila nilikuwa nimejaza maji kabla ya kutoka. Hita ilitoa hewa baridi siku ile ya Donholm. Nilidhani imeharibika, kumbe ilikuwa ikinipa habari. Mpira wa juu asubuhi ni laini kabisa. Oili ni ya rangi ya kawaida na haijaongezeka kwenye kijiti. Feni inawaka kwa kiyoyozi, na kwa amri ya joto nimeiona ikiwaka kwenye nyuzi 95 kwa usomaji wa simu. Thamostati mpya nimeshaiweka.

Maji bado yanapungua.

Msafiri wa Kinungi

Mimi si fundi, ni dereva wa Probox wa miaka mingi katika barabara ya Nakuru. Rejeta yangu ilipokuwa ikivuja tulitia pilipili manga ya kusaga, na wengine hutia ute wa yai, na ikaziba mpaka nikafika nyumbani. Siku hizi kuna unga na dawa za chupa zinazouzwa Kirinyaga Road kwa kazi hiyohiyo. Kwa nini ndugu yetu asijaribu kwanza njia hiyo ya bei nafuu?

Fundi wa Ngara

Mzee wangu Msafiri, ninaelewa hali ya mtu aliyekwama Kinungi usiku, na kwa kufika nyumbani sitamlaumu yeyote. Lakini dawa hizo hazijui tofauti kati ya tundu linalovuja na mrija mwembamba unaopitisha maji. Mirija ya rejeta ya alumini na ile ya hita ni myembamba sana, na kinachoziba ufa huziba na hiyo pia. Nimeshatoa hita zilizojaa tope la pilipili. Isitoshe, ukishatia dawa umeufunika ushahidi: uvujaji unapungua kwa wiki mbili, mwenye gari anaamini amepona, kisha unarudi pamoja na rejeta iliyoziba nusu.

Sasa turudi kwa mwenye uzi. Majibu yako yanatia moyo. Mpira laini asubuhi na oili safi haviiondolei gasketi shaka yote, lakini vinaiweka mbali. Hewa baridi kutoka kwenye hita inathibitisha kwamba siku ile injini ilikuwa na upungufu wa maji, na feni inafanya kazi. Kwa hivyo mchemko wako ni matokeo ya maji kupotea, na tunachotafuta ni tundu.

Katoni kuwa kavu hakuthibitishi kwamba gari halivuji. Chini ya injini ya Fielder kuna plastiki ya kukinga tope, na kuna uvujaji unaotokea tu wakati maji yana presha na moto. Tone likiangukia chuma chenye nyuzi 90 hukauka kabla halijafika popote, na lile linaloponyoka hulala juu ya plastiki. Unapolala wewe, presha imeshuka na tundu limenyamaza. Tahadhari pia na maji ya kiyoyozi: hayo hudondoka karibu na katikati ya gari, ni meupe na hayana utelezi wala harufu. Kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, ina rangi, huteleza kidogo vidoleni, na ikikauka huacha ukoko.

Njia ya uhakika ni kupima presha injini ikiwa baridi. Fundi hufunga pampu ya mkono yenye saa ya presha mahali pa kifuniko cha rejeta na kusukuma hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, ambacho kwa magari mengi ya Toyota ni 0.9 au 1.1, yaani takriban kilopaskali 88 au 108. Asizidishe hapo, kwa kuwa matangi ya plastiki ya rejeta hupasuka. Kisha aondoe ile plastiki ya chini, asubiri robo saa, na atazame kwa tochi. Pahali pa kutazama ni mshono kati ya plastiki na alumini ya rejeta, hasa tangi la juu ambalo huchakaa na kubadilika rangi kuwa kahawia. Miisho ya mipira na klipu zake. Kapeti ya abiria wa mbele, kwa kuwa hita ikivuja maji huishia hapo na vioo huingia ukungu mtamu wa harufu. Na zaidi ya yote tundu dogo la pampu ya maji. Tundu hilo liliwekwa makusudi na watengenezaji. Sili ya ndani ya pampu ikichoka, maji hutokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Kwenye 1NZ pampu iko upande wa belti, yaani upande wa dereva kwa magari yetu, na huzungushwa na belti hiyo.

Mwambie fundi akipime kifuniko pia kwa ile pampu ya mkono. Watu wengi wa Nairobi hawajui jinsi kifuniko kilivyo muhimu katika mji wetu, na hapa naomba mniruhusu nieleze kwa urefu. Tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji matupu katika sufuria ya kawaida hapa huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100 kama yanavyochemka Mombasa. Ukifika Limuru, kwenye mita zaidi ya 2,200, yanachemka chini ya hapo. Sasa linganisha na feni yako inayowaka kwenye nyuzi 95. Ikiwa kifuniko hakishiki presha na ndani umejaza maji ya mfereji, maji yako yanaweza kuchemka kabla feni haijapata amri ya kuzunguka! Kifuniko kizima cha 1.1 hukipandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 118, na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu huongeza nyuzi kadhaa juu ya hizo. Gari lenye kifuniko kilichokufa linaweza kutembea Mombasa kwa miezi bila mwenyewe kujua, likaja Nairobi likachemka wiki ya kwanza.

Kifuniko kina kazi ya pili. Injini ikipoa, maji husinyaa na vali ndogo ya katikati ya kifuniko huruhusu yale yaliyokwenda kwenye tangi la akiba kuvutwa yarudi. Tangi lililojaa pamoja na rejeta iliyopungua, kama ulivyokuta Donholm, huelekeza vidole kwenye vali hiyo au kwenye hewa inayoingia mahali fulani.

Mwenye Fielder, Umoja

Na yale mapovu? Ndiyo yaliyomfanya fundi wa tatu aseme gasketi, nami bado yananinyima usingizi.

Fundi wa Ngara

Swali zuri. Injini iliyofunguliwa mfumo wa maji na kujazwa upya huwa na hewa ndani, na hewa hiyo itatoka kwa mapovu kwa dakika kumi, ishirini, hata zaidi, mpaka thamostati ifunguke na maji yazunguke mara kadhaa. Yako ilikuwa imejazwa lita mbili na haikutolewa hewa, kwa hivyo mapovu yalikuwa lazima yawepo. Mapovu ya gasketi hayana mwisho. Huendelea hata baada ya nusu saa, huongezeka ukikanyaga mafuta, na mpira wa juu hukakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, kabla joto halijapata muda wa kuleta presha.

Kipimo cha kuamua ni kile cha maji ya buluu. Kichupa chenye dawa huwekwa kwenye mdomo wa rejeta na hewa ya pale huvutwa ipite ndani ya dawa. Kukiwa na moshi wa injini ya petroli, buluu hugeuka njano. Kifanywe injini ikiwa na moto, na kirudiwe siku nyingine, kwa sababu ufa mdogo hauonekani kila mara. Plagi pia zitolewe: silinda inayonyonya maji mara nyingi huwa na plagi iliyooshwa ikawa safi kuliko wenzake. Usimruhusu mtu yeyote ashushe injini kabla ya kukuonyesha rangi hiyo kwa macho yako.

Dada wa Kitengela

Naomba kuuliza jambo lililo karibu na hili. Huku kwetu tunatumia maji ya kisima, yana chumvi hadi birika linaota ukoko mweupe. Je, maji hayo yanaweza kuwa chanzo cha pampu na rejeta kuharibika?

Fundi wa Ngara

Ndiyo, dada yangu, na birika lako limeshakujibu. Ukoko ule ule hujishika ndani ya mirija ya rejeta na kuzuia joto kutoka, na chumvi huila alumini. Pampu nayo hutegemea dawa zilizomo kwenye kulanti ili sili yake isikauke wala kukwaruzwa. Kulanti hapa Nairobi hatuitii kwa ajili ya barafu bali kwa ajili ya kutu, mchemko na uhai wa pampu. Tumia maji yaliyotoneshwa (distilled) kuchanganyia, nusu kwa nusu, au nunua iliyokwisha kuchanganywa, na usichanganye aina mbili kwa kufuata rangi, kwa sababu rangi ni uamuzi wa kiwanda na haisemi ni dawa gani zimo. Na kwa kuwa umetaja nyumbani, tafadhali usiache kulanti iliyomwagwa kwenye karai. Ni tamu kwa mbwa na kwa mtoto, na ni sumu.

Mwenye Fielder, Umoja

Wakuu, nimepata jibu na ninawaletea kama nilivyoliona kwa macho yangu.

Nilimpata fundi mwenye vifaa vyote viwili, nami nilisimama naye asubuhi nzima. Dawa ya buluu ilibaki buluu kwa dakika tano injini ikiwa moto, na jana tumerudia ikabaki vilevile. Plagi zote nne zinafanana. Kifuniko alichoniuzia fundi wa pili kiliachia presha kwenye 0.4, ilhali juu yake kumeandikwa 1.1. Kisha tulisukuma mfumo hadi 1.0 injini ikiwa baridi. Kwa dakika nne hatukuona kitu, ingawa mshale wa saa ulikuwa ukishuka taratibu hadi 0.8. Tulipoondoa plastiki ya chini tulikuta upande wake wa kulia umepakwa ukoko wa waridi uliokauka, na fundi alipoingiza kioo kidogo nyuma ya puli tukaliona tone likitoka kwenye tundu la pampu, likitiririka juu ya chuma cha injini. Nilipoizungusha puli kwa mkono baada ya belti kutolewa, ilikuwa na mchezo na mkwaruzo mdogo.

Tumeweka pampu mpya na gasketi yake, belti mpya kwa kuwa ya zamani ilikuwa imelowa, kifuniko kilichopimwa mbele yangu kikashika, na kulanti kamili. Kutoa hewa kulichukua karibu dakika arubaini, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho na mbele ya gari ikiwa imeinuliwa. Mapovu yalipungua, yakakoma.

Fundi wa Ngara

Nimefurahi sana, ndugu yangu, na karo imesalimika. Nakuomba jambo moja. Chora alama kwa kalamu ya wino kwenye tangi la akiba, na uitazame kila asubuhi injini ikiwa baridi kwa mwezi mzima. Hedi ya alumini iliyochemka mara mbili inaweza kuwa imepinda kidogo bila kuonyesha leo, na kwenye injini hii kikomo cha kupinda ni milimita 0.05 tu. Dalili ya kwanza itakuwa mpira mgumu asubuhi.

Mwenye Fielder, Umoja

Leo ni wiki ya sita. Nimeshapita Jogoo Road kila siku ya kazi, na Jumamosi nilipanda hadi Naivasha kupitia Limuru nikiwa na watu watano na kiyoyozi kikiwashwa. Joto la juu kabisa nililosoma kwenye simu ni nyuzi 97, mlimani. Mpira ni laini kila asubuhi, na maji yako palepale kwenye alama ya kalamu.